Gundi ya kiegemeo cha mlango: gumzo la Ukoo Wetu

Jumamosi

Shangazi: Hamjambo nyote. [picha] Oneni kiegemeo cha mkono cha mlango wa mbele wa gari, upande wa abiria. Reksini, ile ngozi bandia ya juu, imeachia kuanzia ukingoni mpaka nusu, sponji linachungulia. Nisaidieni, nipake gundi gani?

Shangazi: Na kile cha katikati nacho, kifuniko cha kiboksi, kimeanza kunyanyuka kwa nyuma. [picha]

Mimi: Shikamoo Shangazi. Hicho cha mlango si kilipakwa gundi mwezi uliopita?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Ndicho hicho hicho.

Binamu: Nilikipaka mimi. Supagluu, tyubu nzima. Siku hiyo kilishika vizuri kabisa. Baada ya wiki mbili kikawa kinalia kra-kra ukikiegemea, kisha kikaachia chote kwa pamoja. Na pembeni pamebaki ukungu mweupe, nafuta hautoki.

Dada: Huo weupe ni supagluu yenyewe. Kabla haijakauka hutoa mvuke, mvuke ukitua pembeni unagandia hapo hapo. Halafu ikishakauka inakuwa ngumu kama kioo. Sasa uiweke juu ya sponji linalobonyea kila mtu akiweka kiwiko, lazima ipasuke.

Binamu: Lakini si ndiyo yenye nguvu kuliko zote?

Dada: Ukivuta vitu viwili wima, kimoja huku kimoja kule, ina nguvu kweli. Ila reksini haivutwi hivyo. Inabanduliwa kidogo kidogo kuanzia ukingoni, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda. Hapo gundi ngumu inashindwa na gundi laini inayonyumbuka.

Babu: Mlango huo ndio ninaokaa mimi. Nikitaka kushuka naweka mkono hapo, nabonyeza, ndipo goti linakubali kunyooka.

Baba Mdogo: Shikamoo Baba. Umefanya vema kulisema hilo, maana linabadilisha hesabu yote.

Babu: Marahaba. Mimi nasema ukweli tu.

Baba Mdogo: Dada yangu, usinunue kitu kwanza. Inua hiyo reksini taratibu pale ilipoachia, utupigie picha upande wa ndani. Piga pia pale ilipokuwa imeshika. Na cha katikati fanya vivyo hivyo.

Mama Mdogo: Mimi nilikuwa naenda kusema gundi nyeupe ya mbao, ninayo hapa chupa nzima. Tuliitumia kwenye kabati ikashika mpaka leo.

Dada: Kwenye mbao sawa Mama Mdogo, kwa sababu ile hukauka kwa maji yake kuingia kwenye mbao. Plastiki na reksini havinywi maji. Itakaa mbichi katikati, na ikikauka itabanduka kama ngozi ya maziwa.

Binamu: Na ile ya bunduki ya umeme, ya vijiti?

Baba Mdogo: Usiguse hiyo. Fikiria gari limefungwa juani mchana. Dashibodi peke yake inaweza kupita nyuzi 70. Vijiti vya kawaida vinaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, vingine 80. Yaani jua litaifanya kazi ile ile iliyofanywa na bunduki yako.

Shangazi: [picha] [picha] Hizi hapa. Ya kwanza ni ya mlango, ya pili ni ya katikati.

Baba Mdogo: Sasa tunaongea. Jamani fungueni picha hizi mzikuze, maana ni magonjwa mawili tofauti.

Baba Mdogo: Ya mlango: mnaona unga wa njano kwenye reksini, na unga huo huo kwenye kiegemeo? Hilo ni sponji lililozeeka. Gundi ya kijana wetu haikuachia hata kidogo. Imeshika sponji, sponji ndilo limekatika katikati. Ungepaka gundi yoyote duniani juu ya unga huo, ingeshika unga.

Binamu: Kumbe Mjomba. Mimi nililaumu gundi.

Baba Mdogo: Gundi nayo haikuwa ya mahali pake, dada yako ameshaeleza. Ila hata ya mahali pake isingedumu hapo. Sasa ya katikati: hakuna unga. Kuna gundi ya zamani, ya kahawia, imevutika nyuzi nyuzi. Shangazi yenu akigusa na kidole atasikia bado inanata.

Shangazi: Nimegusa. Inanata kweli, kama utomvu.

Baba Mdogo: Hapo sponji ni zima, gundi ndiyo imelegea. Nimeshona viti vya magari miaka mingi, na hii nimeiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Watu wanasema joto tu. Joto lina sehemu yake, lakini mwenye kosa kubwa ni reksini yenyewe.

Mimi: Kivipi, Baba Mdogo?

Dada: Nikusaidie hapo. Reksini nyingi ni PVC. PVC yenyewe ni ngumu, ile ya mabomba. Ili iwe laini kama kitambaa, kiwandani wanaichanganya na vilainishi, kama mafuta hivi. Vilainishi hivyo havitulii. Miaka ikienda vinahama, vingine vinatoka juu, vingine vinashuka kwenye gundi. Gundi ikivinywa inarudi kuwa uji.

Baba Mdogo: Ndivyo. Kwa hiyo kopo lako lazima liwe limeandikwa kwamba gundi hiyo inafaa PVC laini, au vinyl, na kwamba inastahimili joto. Gundi ya mafundi viatu, ile ya kupaka pande zote mbili, ni familia sahihi, lakini siyo kila kopo la familia hiyo. Zipo zilizotengenezwa kwa poliyurithani, hizo huvumilia vilainishi vizuri zaidi kuliko zile za mpira wa neoprini. Mimi kwa reksini nachukua poliyurithani. Kama ni kitambaa au ngozi halisi, ya neoprini inatosha kabisa.

Mimi: Ya kupuliza je? Ingeokoa muda.

Baba Mdogo: Inafaa kama kopo limesema ni ya joto kali, ya kazi za ndani ya gari. Zile za kubandikia karatasi na mapambo zitaachia jua la kwanza. Na kwa kitu kidogo kama kiegemeo, nusu ya dawa itaishia kwenye kioo na kiti. Brashi ndogo inatosha. Ya kupuliza niachie kwa paa la gari.

Babu: Na plastiki ya chini? Gundi itaishika?

Baba Mdogo: Swali zuri sana Baba. Mwanangu, wewe kesho ndiye utakayekifungua. Nyuma ya plastiki tafuta herufi zilizochapwa, kati ya vialama kama mishale. Ndizo zinazotaja aina ya plastiki. Utaona PP, au ABS, au herufi nyingine. Niambie ni zipi kabla hujafungua kopo.

Dada: ABS inashika gundi bila shida, ila asetoni na tina kali (vimiminika vya kuyeyushia rangi na gundi) vinaiyeyusha, kwa hiyo usisafishie hivyo. PP ndiyo kaidi. Ni plastiki ya ndugu mmoja na ndoo, gundi inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Inataka msasa kwanza, na praima yake ya plastiki, ile inayopakwa kabla ya gundi ili gundi ishike.

Mama Mdogo: Kuhusu kusafisha, wifi, wewe si unaving'arisha kila wiki na yale mafuta ya dashibodi?

Shangazi: Ndiyo, napenda ving'ae.

Baba Mdogo: Kama yana silikoni, hilo nalo ni adui. Silikoni ikiingia ukingoni hakuna gundi itakayokubali. Acha kuyapaka tangu leo, na kesho kingo zote zifutwe kwa spiriti na kitambaa safi mara mbili, kila mara upande mpya wa kitambaa.

Jumapili

Mimi: Nimefungua. Nilichomoa waya hasi wa betri kwanza kwa sababu ya swichi za vioo, na kitabu cha gari kinasema mlango huu una mfuko wa hewa (airbag), kwa hiyo nimesubiri muda ule kilioandika kabla ya kugusa paneli. Skrubu tatu na klipu. [picha] Mlango ni ABS. Kifuniko cha katikati ni PP.

Baba Mdogo: Safi sana. Umefanya vizuri kusoma kitabu. Sasa sponji bovu la mlangoni: likwangue lote. Tumia kipande cha plastiki, siyo kisu. Ukifika mahali ambapo ukisugua kwa kidole hakitoki unga, hapo ndipo pazima. Usiweke spiriti kwenye sponji, litanywa na litakaa na unyevu.

Mimi: Limetoka karibu lote. Imebaki plastiki tupu.

Baba Mdogo: Basi unaweka sponji jipya, unene ule ule wa zamani. Ukizidisha, reksini haitafika ukingoni, na ukiilazimisha itakuwa inavuta saa zote. Gundi nyingi zinazolaumiwa zilikuwa zinashindana na reksini fupi.

Binamu: Mjomba, mnapaka pande zote mbili, halafu unabandika hapo hapo?

Baba Mdogo: Hapana, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Unapaka nyembamba pande zote mbili. Sponji linanywa, kwa hiyo lipake mara mbili. Halafu unasubiri. Makopo mengi yanasema dakika 10 mpaka 20, wewe fuata kopo lako. Kipimo changu ni mgongo wa kidole: gusa, ukiinua kidole gundi isikufuate. Ukibandika ikiwa mbichi, tina inabaki imefungiwa ndani, jua likija inachemka na kufanya mapovu chini ya reksini.

Baba Mdogo: Na ikigusana imegusana. Huwezi kuisogeza. Weka karatasi ya kuokea keki katikati ya pande mbili, panga reksini mpaka ikae sawa, kisha vuta karatasi kidogo kidogo ukibonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni. Kwenye kona, drayeri ya nywele kidogo ili reksini ilainike na kuvutika. Bonyeza kwa nguvu. Gundi hii inapenda kubonyezwa kwa nguvu kuliko kubonyezwa kwa muda mrefu.

Dada: Na kazi yote ifanyike nje, paneli ikiwa mezani, siyo ndani ya gari. Gundi nyingi za aina hii zina tina ya tolueni au heksani. Heksani inaumiza neva ukiivuta mara kwa mara, na mvuke wake unashika moto upesi. Pasiwe na jiko wala sigara karibu. Binamu, hilo nakuambia wewe pia, ulipaka ile tyubu milango imefungwa.

Binamu: Nimesikia dada. Macho yaliniwasha kutwa nzima, sirudii tena.

Mimi: Tuko uwanjani, mlango upo mezani. Nimejaribu tone moja nyuma ya plastiki kwanza, halijaila. Naanza.

Shangazi: Nimekaa naye hapa. Anapaka kwa utulivu, naona raha.

Mimi: [picha] Cha mlango kimekaa. Ukingo nimeukunja chini na kuubana kwa vibanio vya nguo. Cha katikati nimepiga msasa, nimepaka praima, kinasubiri. Ila Baba Mdogo, bawaba ya kifuniko ina ufa. Niweke epoksi?

Baba Mdogo: Ingekuwa ABS ningekwambia weka, ile ya tyubu mbili inayokauka saa 24, siyo ya dakika tano. Kwa PP hapana. Na hata ingeshika, bawaba inabeba mzigo wa mkono mzima, usimwachie gundi. Weka bati jembamba kwa ndani na skrubu mbili fupi, halafu reksini ifunike.

Babu: Kwa hiyo nikishuka leo nibonyeze?

Baba Mdogo: Baba, leo hapana, tafadhali. Gundi itafikia nguvu yake baada ya siku moja, nyingine tatu. Na nikuombe jambo lingine. Hata ikikauka, ukishuka shika kile kishikio cha juu ya mlango, au ukingo wa kiti. Kiegemeo kimetengenezwa kupokea kiwiko kilichopumzika. Mwili mzima ukikisukuma kwa pembeni, kila siku unaibandua reksini kidogo, na klipu za mlango zinaumia.

Babu: Kishikio cha juu kipo mbali na mimi.

Shangazi: Baba, mimi nitakuja upande wako nikupe mkono. Si kazi kubwa.

Babu: Haya. Nimekubali.

Jumamosi iliyofuata

Shangazi: [picha] Leo gari limekaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri, vioo vimefungwa. Nimepitisha ukucha ukingoni pote. Haikunyanyuka mahali popote, na sponji linabonyea na kurudi.

Baba Mdogo: Pole pole na ukucha dada yangu. Lakini nimefurahi sana. Bonyeza katikati, unasikia mapovu?

Shangazi: Hakuna hata moja. Cha katikati kimetulia pia, nimekifungua na kukifunga mara nyingi.

Mama Mdogo: Hongera mwanetu, kazi ya mikono yako inaonekana.

Mimi: Asanteni sana. Kopo limebaki zaidi ya nusu, nimelifunga vizuri na kuliweka mbali na jua.

Shangazi: Basi usiliweke mbali sana. Mlango wa dereva umeanza kufanya unga.