Mrejesho: ile pachi ya DX7 iliyokuwa inachoma masikio juu

Wakuu, niliuliza humu mbona pachi yangu (mpangilio wa sauti) ya piano ya umeme kwenye DX7, ile sintesaiza ya Yamaha, iko poa katikati ya kinanda ila nikipanda juu inalia kama kioo. Imekaa sawa aisee. Aliyesema niachane na EQ (kurekebisha besi na treble) nikaguse kibodi levo skelingi (inayobadilisha levo kadiri unavyopanda au kushuka kwenye kinanda) alijua anachosema, nimeweka breki pointi (noti ambapo mabadiliko yanaanzia) C3, upande wake wa kulia nikashusha modulita tu (zile zinazoongeza ukali wa sauti) kwa mkunjo wa -EXP (unaoshuka polepole kisha kwa kasi), keria (zile zinazotoa sauti yenyewe) sijazigusa maana ukizishusha sauti inapungua tu, ukali uko palepale. Halafu reti skelingi ya keria (inayofanya noti za juu zififie haraka zaidi) nikaipandisha kidogo, noti za juu sasa zinakatika mapema kama piano kweli. Besi bado inavuma kidogo ila bendi ikipiga husikii, naiacha hivyohivyo.