MREJESHO: Madoa ya kutu kwenye kanzu ya baba yametoka

Ndugu zangu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kutoa kutu kwenye kanzu nyeupe ya baba, iliyoanikwa kwenye waya wa chuma ikabaki na mstari wa kahawia kifuani.

Yametoka! Aliyesema nitumie ndimu na chumvi, Mungu ambariki. Nililowesha doa, nikapaka chumvi laini, nikakamulia ndimu mpaka chumvi ikawa kama uji mzito, kisha nikaitandaza kanzu juani. Kila ilipoanza kukauka nilikamulia tena. Kahawia iligeuka njano, njano ikafifia, mwisho nikasuuza kwa maji mengi na kufua kwa sabuni kama kawaida. Pale mstari ulipokatiza mshono wa ubavuni, kwenye kitambaa kinene, ilibidi nirudie kesho yake.

Na mliosisitiza nisiguse jiki, asanteni mno. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu, ila jiki huifanya ing'ang'anie zaidi. Kwa nguo za rangi, jaribuni kwanza kwenye pindo la ndani, maana ndimu na jua hupausha.

Waya nimeshaung'oa, sasa tunaanika kwenye kamba ya nailoni.