Lisosomu ina asidi ndani: kwa nini haiili seli yake? Na jaribio la bitiruti linanivuruga

Mwl_Baiolojia
Wakuu, naomba msaada kwa mambo mawili ya kidato cha tano. La kwanza: tunafundisha kwamba lisosomu (kifuko cha vimeng'enya vya kusaga, ndani ya seli) ina pH ya 4.5 hadi 5, na saitoplazimu (ute wa seli unaoizunguka) ni 7.2 hivi. Wanafunzi wanauliza, ikipasuka moja, mbona seli haiyeyuki? La pili, jaribio la kuona utando wa seli ukiharibika kwa rangi inayovuja: vipande vya bitiruti kwenye siki vimetoa rangi nyingi, lakini hata kwenye maji matupu rangi imetoka. Kwenye maji ya magadi rangi ikageuka kahawia-manjano. Nalisomaje jaribio hili?

Utando_na_Pampu
Mwalimu, anza na hesabu. Kila pH ikishuka kwa 1, ioni za haidrojeni (protoni) huongezeka mara kumi. Tofauti ya 7.2 na 4.7 ni 2.5, yaani ioni za haidrojeni ndani ya lisosomu ni kama mara 300 ya zile za nje. Pengo hilo halijiweki lenyewe. Kwenye utando wa lisosomu kuna pampu inayotumia ATP (molekuli ya nishati ya seli) kusukuma protoni ndani saa zote. Ukiizuia pampu, protoni huvuja, pH hupanda, na usagaji hudorora ingawa vimeng'enya vyote vipo.

Hapo ndipo lilipo jibu la wanafunzi wako. Vimeng'enya vingi vya lisosomu hufanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 5. Vikimwagika kwenye 7.2 nguvu yake hushuka sana. Asidi yenyewe ni kidogo mno, kwa sababu lisosomu ni ndogo na saitoplazimu ina protini na fosfati zinazofanya kazi ya bafa, yaani kuzuia pH isibadilike sana. Kwa hiyo ikipasuka moja, seli inavumilia. Zikipasuka nyingi kwa pamoja ni habari nyingine: baadhi ya kathepsini (vimeng'enya vya lisosomu vinavyosaga protini) hubaki na makali kwa muda hata kwenye pH ya kawaida, na seli inaweza kufa.

Upande wa ndani wa utando nao umefunikwa na protini zilizovishwa sukari nyingi, ndiyo maana hausagwi na vimeng'enya vyake wenyewe. Lile jina la "mfuko wa kujiua" ambalo lisosomu hupewa ningeliacha. Seli inapojiua kwa mpangilio, mara nyingi mlango mkuu ni mitokondria, pale protini yake ya saitokromu c inapotoka.

Maabara_Bila_Bajeti
Bitiruti sasa. Rangi kwenye maji matupu imetoka kwenye seli ulizozikata kwa kisu. Kata vipande vya sentimita 1 kila upande, vyote sawa, uvioshe kwa maji yanayotiririka hadi maji yawe meupe kabisa, dakika tano au zaidi. Bitiruti iwe mbichi. Iliyochemshwa haina utando wa kupima. Kila neli iwe na kipande kimoja na ml 10 za kimiminika. Baada ya dakika 30 toa kipande, tikisa neli, linganisha juu ya karatasi nyeupe.

Magadi yaondoe. Rangi ya bitiruti huharibika kwenye pH ya juu na kuwa manjano, kwa hiyo hapo hukuwa unapima uvujaji.

Ukitaka somo lenye nyama, weka asidi mbili zenye pH moja. Siki ya asilimia 5, ml 1 kwa ml 9 za maji, hutoa pH ya 2.9 hivi. Kisha chukua asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, ml 1.3, ongeza maji hadi ml 100: pH ile ile. Tarajia siki ivujishe rangi zaidi. Molekuli nyingi za asidi ya siki hazijagawanyika, hazina chaji, kwa hiyo hupenya mafuta ya utando na kuachia protoni zikishafika ndani. Isitoshe, siki hiyo ina akiba ya asidi zaidi ya mara 60 ya ile ya haidrokloriki. Kipimo cha pH hakikuonyeshi akiba hiyo.

Dawa_na_Seli
Nyongeza: klorokwini, dawa ya malaria, hutumia mlango huo huo kinyumenyume, maana yenyewe ni besi dhaifu. Ikiwa haina chaji hupenya hadi kwenye vakuoli (kifuko cha kusagia chakula) ya kimelea cha malaria, yenye pH ya 5 na kitu. Asidi ya mle huipachika dawa protoni, inapata chaji, haitoki tena. Inarundikana na kuzuia hemu (masalio yenye sumu ya himoglobini iliyosagwa) isigeuzwe kuwa hemozoini, fuwele isiyo na madhara kwake, na hemu hiyo humuua kimelea. Kimelea sugu kina protini ya PfCRT iliyobadilika, inayoitoa dawa nje ya vakuoli. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu ya usugu.

Mwl_Baiolojia
Shukrani. Nikikosa asidi ya haidrokloriki, nitumie ndimu?

Maabara_Bila_Bajeti
Hapana, mwalimu. Asidi ya ndimu nayo ni dhaifu na ina akiba kubwa, hutakuwa na ulinganisho. Bora ufanye siki peke yake kwa viwango vitatu: ml 0.5, 1 na 2, kila kimoja ukijaza maji hadi ml 10, na neli ya nne ya maji matupu.