Melton, Victoria: acheni kumtukana diwani kwa treni asiyoiendesha

Wakuu, kila wiki uzi ni ule ule: halmashauri ya Melton hapa Australia imelala, madiwani waondoke. Wana makosa yao, nitayafikia. Lakini nusu ya matusi yanapelekwa mlango usiohusika, na wenye mlango wenyewe wanachekelea.

Treni, kwa mfano. Vitongoji vya Rockbank, Cobblebank na Thornhill Park vimejaa nyumba, na reli inayovihudumia ni ya serikali ya jimbo la Victoria. Ni dizeli zile zile za njia ya Ballarat. Umeme hadi Melton uliahidiwa na jimbo hilo hilo mwaka 2018. Diwani hamiliki hata bolti moja kwenye reli ile.

Barabara ndipo penye uozo. Unatoka mtaa mpya kwenye lami pana, taa, njia ya baiskeli; ghafla inakatika, unajikuta kwenye kinjia cha shamba, kingo zimemegeka, mwenda kwa miguu hana pa kukanyaga. Si bahati mbaya. Mwendelezaji, yaani kampuni inayokata viwanja na kuuza, hujenga kipande kinachopakana na ardhi yake tu. Jirani hajauza shamba? Mbele yake lami inabaki ya enzi za kondoo. Michango ya miundombinu anayodaiwa mwendelezaji nayo hulipwa kwa awamu, kadiri viwanja vinavyokatwa na kupata hati. Kwa hiyo watu wanahamia leo, fedha za kujenga makutano ya barabara zinatimia miaka baadaye. Halmashauri ingeweza kukopa ikajenga mapema kisha ikajirudishia. Hapo wapigeni kelele, hilo ni lao.

Kuna mchango mwingine, ule wa maeneo mapya mji unakopanukia, ulioanza 2010. Huo haupiti halmashauri. Unakusanywa na jimbo, nusu mfuko wa usafiri wa umma, nusu mfuko wa jamii mpya, na ni jimbo linaloamua zirudi wapi.

Kodi ya majengo ya halmashauri nayo imefungwa kamba na jimbo tangu 2016/17: ongezeko lisizidi asilimia 2.5 mwaka ule, 1.5 mwaka 2021/22, 2.75 mwaka 2024/25. Gharama za ujenzi haziijui kamba hiyo, hasa kwa ardhi ya Melton: juu mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, chini mwamba wa volkano. Mtaro wa bomba tu unaweza kudai mashine ya kuvunja mawe. Zege la njia ya miguu likimwagwa juu ya mfinyanzi usioandaliwa, linanyanyuka na kupasuka.

Mnasema halmashauri iligomee jimbo. Igome kwa nguvu ipi? Katiba ya Australia haina hata neno moja kuhusu serikali za mitaa; kura za maoni za 1974 na 1988 zote zilianguka. Jimbo ndilo lililoizaa, na likitaka huivunja.

Sasa malalamiko yanayofika. Kwanza jua barabara ni ya nani: Melton Highway na Western Freeway ni za jimbo, vichochoro vya mtaani ni vya halmashauri. Ukipeleka kusiko, wiki zinapotea kwenye kupokezana barua pepe. Andika makutano ya karibu, upande wa barabara, tarehe, picha yenye kitu cha kulinganisha ukubwa wa shimo. Gari likiharibiwa na shimo, peleka taarifa ya maandishi kwa mwenye barabara ndani ya siku 30. Na mjue kuna kiwango cha chini cha hasara, kilianzia dola 1,000 na hupanda kila mwaka. Chini ya hapo hulipwi. Rimu moja iliyopinda mara nyingi haifiki.

Bajeti ya halmashauri hupitishwa kufikia 30 Juni, na rasimu hutoka kabla ya hapo. Maoni yapelekwe wakati huo. Mnaokuja Agosti na hasira mmekuta sufuria imeshaoshwa.

Wenye picha za lami inayokatika, wekeni hapa chini. Isiyo na jina la barabara na makutano msiweke, haitusaidii kitu.