Mjadala: Tuliopajua Mama Ngina ya Zamani, Tuna Haki Gani ya Kulalamika?

Mwana wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Mpwa wangu anayeishi California ni mwenda Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo, tangu utotoni, na kila tukizungumza hunilalamikia jambo lile lile: zamani ukichukua tikiti ya FastPass, huduma iliyoanza 1999, uliruka foleni bila kutoa hata senti, ilhali tangu 2021 anayetaka kuruka foleni hulipa. Asema mahali pale pamekufa moyo. Nilimcheka, mpaka Jumapili iliyopita nilipoketi Mama Ngina, pale petu pa kupungia upepo ukingoni mwa bahari Mombasa, chini ya mbuyu nikitazama feri za Likoni zikipishana, nikajikuta ninamwambia mke wangu maneno hayo hayo kuhusu sakafu na taa tulizowekewa mwaka 2018. Ndipo nauliza: sisi tuliopajua mahali pa starehe kabla hapajatengenezwa, tuna haki gani ya kudai pabaki kama tulivyopakuta? Na mihogo inayouzwa pale, niseme kweli, siku hizi hukaangwa na watu wasioijua mihogo.

Binti wa Mtongwe
Wa aleikum salaam, kaka. Swali lako ni zuri, ila mimi nitajibu hilo la mwisho, kwa kuwa mama yangu hukaanga mihogo hapo hapo tangu sijaanza shule, na hajabadilisha lolote: huuepua ukiwa umeanza kuwa mwekundu, huupasua katikati, hutia chumvi na pilipili, kisha huukamulia ndimu mbele ya macho yako. Kilichobadilika ni wewe. Ulipokuwa mtoto ulikuja kwa miguu kutoka Mji wa Kale, ukafika na njaa yako. Leo washuka garini ukiwa umeshakula biriani ya mchana, kisha wamlaumu mkaangaji.

Mzee wa Kuze
Kwanza, mwaka haukuwa 2018 bali 2019, na nakumbuka vyema kwa kuwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 20 mwaka huo zilifanyiwa pale pale. Pili, binti yangu, neno lako la njaa limenichoma. Sisi siku ya Idi hatukwenda uwanja wa Makadara na njaa. Tulikwenda na kanzu mpya na mkono wa Idi mfukoni, tukapanda pembea za mbao zilizosukumwa kwa mikono, na moja ilikuwa na msumari uliochomoza kwenye kiti, tukaujua na tukajua namna ya kuukwepa. Msukumaji alimjua kila mtoto kwa jina la babake, na aliyelia alisimamishiwa pembea akashushwa. Pembea za leo za mtambo humsimamia mtoto gani anayelia?

Kijana wa Bamburi
Shikamoo, mzee wangu. Nastaajabu kwamba tumefika mahali pa kuulilia msumari. Huku kwetu palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na jongoo wakaletwa ili wale majani yaliyoanguka mpaka udongo ukapatikana. Sijamsikia mzee yeyote wa Bamburi akidai arudishiwe shimo lake. Mimi mwenyewe nilipelekwa Haller Park, hifadhi iliyotokana na machimbo hayo, kumwona Owen, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, namna alivyomwandama kobe aitwaye Mzee kama mamake. Mwanangu nikimsimulia hupiga miayo, kwani yeye amekuja kuwalisha twiga, na twiga akimramba kiganja hucheka mpaka hukaa chini. Nimlazimishe amlilie Owen? Na huyo mpwa wa California aambiwe kwamba hadi mwaka 1982 pale Disneyland watu walinunua vitabu vya tikiti zenye herufi A mpaka E, na michezo mikubwa ilidai tikiti ya E. Hiyo ya bure anayoililia ilikuwa ngeni kwa waliomtangulia.

Mwana wa Kibokoni
Kijana, mpwa wangu ana miaka 38, basi vitabu vya 1982 usimtwishe yeye. Tena tikiti ya E aliinunua kila mtu kwa bei moja na foleni ikabaki moja. Linalomuuma ni kusimama juani na wanawe huku wenye pesa wakipitishwa pembeni. Mama Ngina, alhamdulillahi, hatujawekewa foleni mbili, na sakafu nimeisamehe, kwa kuwa mamangu mkwe sasa husukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni, jambo ambalo zamani halikuwezekana kwa mizizi na vumbi. Lakini muhogo sikuusamehe. Dada, biriani haihusiki: kipande nilichouziwa Jumapili, upande wa mwembe, kilikuwa kigumu katikati kama kuni, na ndimu ilikuwa kavu.

Mzee wa Kuze
Hilo la mtoto anayelia bado hamjanijibu.

Binti wa Mtongwe
Mzee wangu, nisamehe, nitalirudia. Kaka, wasema Jumapili iliyopita, upande wa mwembe, na aliyekuuzia alikuwa na leso ya buluu na simu sikioni? Mama siku hiyo alikuwa arusini Ukunda. Aliyekaanga ni mimi.