Kikundi: NYUMBA YA BIBI ZENA, BUGEMBE (JINJA, UGANDA)

JUMATANO

Rehema, 06:38
Asalaam alaikum, na habari za asubuhi kwa wote. Naomba tusome hadi mwisho. Mvua za Septemba ziko mlangoni na nyuma ya nyumba ya Bibi magugu yanafika kiunoni. Kitaluni miche iko tayari: sukuma, nyanya, ntula (nyanya chungu), pilipili hoho na ovakedo za kubebesha, zile zilizounganishwa kwenye shina jingine. Mche wa nyanya ukipita mwezi ndani ya kavera, ule mfuko wa plastiki, mizizi inajisokota humo humo, na hata ukiuhamisha unabaki umedumaa. Kwa hiyo Jumamosi hii tunalima. Kila nyumba ilete mtu mmoja wa kushika jembe na elfu ishirini ya samadi. Mobile mani ni kwa namba yangu ile ile.

Rehema, 09:15
Wote mmesoma. Naona.

Shemeji Okello, 09:47
👍

Rehema, 09:48
Shemeji, hiyo ni ndiyo ya jembe au ndiyo ya pesa?

Shemeji Okello, 09:55
Ni ndiyo ya salamu kwanza 😂

Zulfa, 10:20
Dada mimi niko Kampala mpaka Ijumaa usiku. Pesa nitatuma. Lakini nisaidie na langu: hapa Ntinda nimepanga chumba, nje ni saruji tupu. Sukuma naweza kupanda wapi?

Rehema, 10:41
Kwenye gunia, Zulfa, na utakula mpaka ugawie majirani. Tafuta gunia la mahindi la kilo mia. Liweke kwanza mahali litakapokaa, penye jua angalau nusu ya siku, maana likishajaa hata wanaume wawili hawalisogezi. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu, ule mweusi, na debe moja la samadi iliyooza. Sasa sikiliza hapa ndipo watu wanapokosea. Chukua kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa juu na chini, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto. Zungushia udongo pembeni. Kisha livute kopo juu taratibu, kokoto zinabaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Huo mhimili wa kokoto ndio njia ya maji. Bila huo, maji yanaishia juu, sukuma za chini zinakauka na wewe unadhani umemwagilia.

Rehema, 10:44
Ukimaliza, mwagilia siku mbili bila kupanda chochote, udongo utulie. Ndipo utoboe matundu pembeni kwa kisu, yapishane, shubiri moja kati ya tundu na tundu. Panda jioni, si mchana. Na ukivuna, chuma majani ya chini, kile kichwa usikiguse.

Abdu (Dubai), 13:02
Zulfa na sukuma wapi na wapi. Huyo apande chapati na mayai aote rolex 😂😂

Zulfa, 13:05
Abdu wewe kwanza rudisha toroli la watu

Shemeji Okello, 13:06
Uwiii. Toroli!

Abdu (Dubai), 13:09
Hilo lilimalizwa kabla sijapanda ndege. Muulizeni Baba Tunu.

Shemeji Okello, 13:11
Chapati ya rolex pale Amber Court sasa imekuwa nyembamba, unaona mpaka upande wa pili

Zulfa, 13:12
Na nyanya wanaweka kipande kimoja!

Rehema, 13:30
Nyanya imepanda bei ndiyo maana wanaweka kipande kimoja. Ndiyo maana naomba tulime. Tafadhali turudi kwenye Jumamosi. Mpaka sasa aliyetuma ni Zulfa peke yake.

Mama Shamim, 16:18
Rehema mwanangu, samadi ya kununua ya nini na mimi nina kuku? Kinyesi kimejaa bandani, nitaleta magunia matatu bure.

Rehema, 16:35
Mama mdogo, ahsante, na tutakihitaji, lakini si Jumamosi hii. Kinyesi cha kuku kikiwa kibichi ni kikali mno, kinaunguza mizizi. Utaona majani yanageuka kahawia pembezoni kama yamepitiwa na moto. Kilundike kivulini, changanya na majani makavu au pumba za mbao, nyunyizia maji kidogo, funika, ugeuze kila wiki. Ingiza mkono katikati ya lundo. Kama bado kuna joto, hakijaiva. Kikipoa na kunuka kama udongo wa mvua, hapo lete. Tutakitumia kwenye mbegu za Machi.

Mama Shamim, 16:52
Sawa. Basi punguzeni elfu ishirini yangu.

Mjomba Hamisi, 19:40
Nimesoma yote. Pale nyuma ni pa migomba. Marehemu baba alipapanda ndizi tangu sisi wadogo, hapakuwa na sukuma pale. Jumamosi nitakuja na machipukizi ishirini, nimeshayaagiza.

Baba Tunu, 19:58
Machipukizi kutoka wapi, Hamisi? Kutoka kule kule?

Mjomba Hamisi, 20:01
Una maana gani?

Baba Tunu, 20:03
Unajua maana yangu. Ndizi bogoya za mama zilikuwa nzima mpaka yalipoletwa machipukizi fulani na boda usiku.

Mjomba Hamisi, 20:10
Basi semeni wazi. Mimi ndiye niliyeua migomba ya baba yangu. Andikeni na kwenye kaburi.

Shemeji Okello, 20:12
Waheshimiwa, kesi ya ndizi na mkungu haujaletwa mahakamani 😂

Mama Shamim, 20:13
Shemeji, si sasa.

Rehema, 20:37
Wajomba zangu, naomba niseme kwa heshima. Ugonjwa ulioua migomba ile ni mnyauko wa bakteria. Hapa Uganda uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2001 upande wa Mukono, na tangu hapo umezunguka nchi karibu yote. Unasafiri kwa chipukizi, ndiyo, na chipukizi linaweza kuwa na ugonjwa ndani na nje ukaliona zima kabisa. Lakini unasafiri pia kwa panga lililokata mgomba mgonjwa likaenda kukata mzima. Na nyuki na wadudu wengine wanautoa kwenye ua la mgomba mmoja wanaupeleka mwingine. Pale nyuma tulikata majani kwa panga moja miaka yote, na lile ua jekundu chini ya mkungu tulikuwa tunaliacha linaning'inia. Hakuna mtu anayeweza kusimama leo akasema uliingilia kwa fulani.

Rehema, 20:44
Ninalolijua ni hili. Mashina ya mwisho tuliyang'oa Juni. Mimi mwenyewe nilikata shina moja nikaona utomvu wa njano unatoka polepole, na ndizi zenyewe zilikuwa zinaiva kabla ya kukomaa, ndani zina madoa ya kahawia. Ukishang'oa, hapo hupandi mgomba tena kwa angalau miezi sita, na kila chipukizi linalojitokeza unaling'oa. Hata machipukizi yakitoka Kawanda kwenye maabara ya utafiti wa kilimo, udongo ule utayaua. Mjomba Hamisi, pesa yako ndiyo ninayoihurumia. Mboga na maharage havishikwi na ugonjwa huo, kwa hiyo ardhi haitalala bure.

*(hakuna aliyejibu)*

ALHAMISI

Bibi Zena, 05:52
🎤 Ujumbe wa sauti (1:10)

Abdu (Dubai), 06:30
Bando langu limekataa kufungua. Tunu, uko hapo kwa Bibi, tuandikie.

Tunu, 07:14
Bibi amesema hivi, naandika kama alivyosema:
"Hamisi mwanangu. Migomba ilikuwa yangu na mimi sijamdai mtu. Wewe Baba Tunu, swali lile usimuulize tena ndugu yako, si kwenye simu, si barazani kwangu. Baba yenu hakuwaachia ndizi ili mzigombanie. Sasa hivi pale nyuma nataka mboga. Ninanunua nakati sokoni imeshanyauka nami nina ardhi. Nataka kula nakati yangu kabla watoto hawajafunga shule. Ndizi zitarudi, na wa kuzipanda ni Hamisi kwa mkono wake, siku Rehema atakaposema udongo umepona. Nimemaliza."

Mama Shamim, 07:20
Amina, mama.

Zulfa, 07:31
🙏🏾

Mjomba Hamisi, 12:31
Nimesikia, mama. Machipukizi nimeyazuia.

Rehema, 13:05
Ahsante sana mjomba. Basi nieleze tutakavyopanga, ili Jumamosi tusisimame kubishana na jua linawaka. Nakati ya Bibi tutaisia moja kwa moja kwenye tuta, upande wa jikoni, ili amwagilie bila kutembea mbali. Inachelewa kidogo kuota, msikate tamaa. Dodo, yaani mchicha, ndiyo ya haraka, kama wiki nne unaanza kuchuma. Nyanya nataka ziwe mbali, kule kulikokuwa na mahindi. Nakati, ntula, biringanya, pilipili na nyanya ni ukoo mmoja, zinaambukizana. Nyanya za msimu uliopita pale uani zilinyauka mchana zikiwa bado za kijani, mnakumbuka. Tunu alikata kipande cha shina nikamwambia akisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache ukashuka uzi mweupe kama moshi. Huo ni mnyauko wa nyanya, uko udongoni, na dawa ya kupulizia haiuondoi. Pale tutaweka sukuma na maharage tu.

Tunu, 13:11
Kweli niliuona. Bibi alikataa kuitumia tena ile glasi 😂

Mama Shamim, 13:40
Na ovakedo nipewe mbili, moja nipande karibu na karo la maji machafu, pana rutuba.

Rehema, 13:52
Mama mdogo, karibu na karo hapana, mizizi yake itakuja kupasua ukuta. Chimba shimo futi mbili kwa mbili, mbali na nyumba. Udongo wa juu weka pembeni, huo ndio unaochanganya na samadi na kurudisha. Utaona kwenye shina kovu la mahali ilipobebeshwa: lazima libaki juu ya ardhi. Ukilifukia umepoteza faida yote. Na maji yasisimame hapo, ovakedo haipendi kulowa miguu. Ya kubebesha inazaa kwa miaka mitatu au minne, ya kokwa utaisubiri sana.

Tunu, 14:02
Kuna jambo hatujalisema. Kuku wa Mama Shamim wanapita wapi? Mwaka jana sukuma zilibaki vijiti.

Mama Shamim, 14:04
Kuku wangu hao tu ndio wenye midomo Bugembe nzima?

Shemeji Okello, 14:06
Kuku nao waitwe kikaoni

Rehema, 14:20
Tutazungushia miti na wavu. Wavu ninao nusu tu. Nani ana mwingine?

*(hakuna aliyejibu)*

IJUMAA

Rehema, 11:10
Lori linapakia samadi Kamuli sasa hivi na dereva anataka nusu ya pesa kabla hajaondoka. Waliotuma: Zulfa, Abdu, Shemeji Okello. Mama mdogo ametuma elfu kumi na tano. Hazitoshi nusu. Nimeongeza kutoka mauzo ya kitaluni na mama yangu amekubali, lakini hiyo ndiyo pesa ya mbegu za mwezi ujao, lazima irudi. Wajomba zangu, nawasubiri.

Mjomba Hamisi, 15:26
Nimetuma arobaini. Ishirini ni yangu, ishirini weka kwa ajili ya ndizi itakapofika siku yake. Na panga langu nije nalo?

Rehema, 15:31
Mungu akubariki mjomba. Njoo nalo. Tutawasha moto kabla ya kuanza na kila panga na jembe lipite motoni mpaka chuma kiwe cha moto usichoweza kukigusa. Asiyetaka moto, nina jiki, ile dawa ya madoa, na ndoo. Masalia ya migomba bado yapo mle ndani.

Shemeji Okello, 18:45
Mimi nitachelewa kidogo, kuna mazishi Tororo. Kijana wangu atakuja.

Rehema, 18:47
Shemeji, ulikuwa ndiyo ya jembe.

Baba Tunu, 22:10
Nimetuma kumi, iliyobaki nitakuja nayo mkononi. Hamisi anafika saa ngapi?

Rehema, 22:14
Saa moja asubuhi, wote. Mjomba, na toroli je, liko kwako au haliko? Lori litamwaga barabarani, haliwezi kuingia mpaka nyuma.

Baba Tunu, 22:40
Liko. Halina gurudumu.

Rehema, 22:41
Nani ana gurudumu?

Rehema, 23:05
Jamani?