Buti za manyoya ya kondoo: binti anakuja Minnesota Januari

Kutoka: Mama wa Section 58, Nakuru

Ndugu zetu mlio ng'ambo, hamjambo?

Binti yetu amepata nafasi ya kusomea uuguzi Minnesota na anasafiri mwezi wa Januari. Mizigo yake tumeshaipanga, kimebaki kitu kimoja tu, viatu. Amekazania zile buti fupi za manyoya, za kahawia, ambazo anaona wasichana wa huko wamevaa kwenye picha. Hapa mjini kuna kijana anaziuza kwa shilingi 2,500 na anaapa ni ngozi halisi ya kondoo. Baba yake naye anasema avae gambuti na soksi mbili, yaishe.

Nyinyi mnaoishi na hiyo baridi, nisaidieni. Hizo buti zinafaa kweli au ni urembo tu? Na nikimnunulia hapa, nitakuwa nimeokoa pesa?

Kutoka: Kaka wa Kondele, Dallas

Mama, hamjambo huko. Hizo za 2,500 ziache. Kondoo halisi hauzwi bei hiyo, hata kwa hesabu ya ngozi tupu. Mengine nawaachia walio kaskazini, kwa maana baridi yetu ya Texas huja na kuondoka kabla hujatafuta koti.

Kutoka: Dada wa Bondeni, Brooklyn Park, Minnesota

Mama, pokea salamu, na hongereni sana kwa safari ya binti. Mimi ni muuguzi huku na nimepokea wasichana wengi wa nyumbani wakishuka uwanja wa ndege, kwa hivyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Kwanza mtetee binti kwa baba yake. Kupenda buti hizo si kufuata mkumbo tu. Zilianzia Australia na New Zealand, kwa watu waliokuwa na kondoo wengi na miguu yenye baridi. Wakata manyoya walizivaa, halafu miaka ya 1960 wakazichukua vijana wanaoteleza juu ya mawimbi. Unatoka baharini miguu imekufa ganzi, unaitumbukiza humo ikiwa bado na majimaji, na punde damu inaanza kutembea. Mwaka 1978 Mwaustralia mmoja, Brian Smith, alizileta California akaanza kuwauzia wenzake wa mawimbi. Ndiyo kampuni ya UGG hiyo, ambayo mwaka 1995 aliiuza kwa Deckers, kampuni ya Marekani. Oprah Winfrey akazisifu kwenye kipindi chake cha televisheni kuanzia mwaka 2000, na hapo zikahama kutoka ufukweni zikawa kiatu cha mjini. Kuna kipindi watu walizicheka kwamba hazina umbo, zikapoa. Miaka hii ya 2020 zimerudi kwa nguvu, hasa zile zinazoishia kifundoni na zile za soli nene, na wanaozitafuta zaidi ni wasichana wa umri wa binti yako.

Mtindo peke yake haungezirudisha. Sufu ina uwezo wa kunyonya unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa, na katikati ya nyuzi zake hewa inatulia, haitoki na joto lako. Ndiyo sababu huvaliwa bila soksi. Mguu mtupu unagusa manyoya yenyewe, jasho linanyonywa, joto linabaki. Ukimaliza zamu ya saa kumi na mbili, vidole vimevimba, ukavua viatu vya wodi na kuingiza mguu humo, hutauliza tena kwa nini watu wanatoa dola 150 hadi 200 kwa kiatu kisicho na kamba wala kisigino. Hazibani popote. Hazidai kuinama kufunga chochote. Kwa mwanamke anayefanya kazi ya kusimama, hilo ni jambo kubwa, na mimi nasema anastahili kabisa kuwa nazo.

Lakini zisiwe kiatu chake cha kwanza. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza pesa.

Januari hapa inaweza kufika nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Cha ajabu, siku kama hiyo buti za kondoo hazina neno, maana theluji ni kavu kama unga wa ugali, unaipangusa tu. Ubaya ni siku baridi ikilegea kidogo. Barabarani humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na inayeyuka kweli, inakuwa tope la kijivu linalofika kifundoni kila unapovuka njia. Ile ngozi laini ya nje inakunywa maji. Manyoya ya ndani yanalala, yakishalala hewa imetoka, na mguu unapoa ukiwa ndani ya kiatu cha dola 170. Kikikauka utaona mstari mweupe umezunguka kuanzia kidoleni hadi kisigino, unapanda na kushuka kama ramani ya pwani. Huo ni chumvi, na ngozi iliyo chini yake imekakamaa. Ukikunja, inapasuka hapo hapo.

Halafu soli. Nyingi ni nyepesi, laini, hazina meno ya kutosha. Kuna barafu nyembamba inayokaa juu ya lami, huioni mpaka uwe umeshaanguka. Wageni huweka mkono chini kujizuia na kuletwa kwetu kifundo cha mkono kimevunjika. Mwanafunzi wa uuguzi bila mkono wa kulia amepoteza muhula.

Baba pia umwambie, kwa heshima: gambuti za nyumbani zitamuumiza. Mpira mtupu hauzuii baridi ya huku, na soksi mbili zikijazana ndani zinabana mguu, damu haipiti vizuri, vidole ndivyo vinaanza kuganda. Anachohitaji kwanza ni buti za theluji zisizopitisha maji, sehemu ya chini mpira wenye meno, ndani zina bitana nene, na nafasi ya kuchezesha vidole. Hizo msinunue Nakuru. Zinapatikana hapa, na baada ya Krismasi maduka hushusha bei. Cha pili ni viatu vya wodi, vilivyofunikwa, visivyoteleza, vya kupanguswa kwa dawa. Buti za kondoo hawatamruhusu kuvaa kwenye mafunzo ya hospitali, na hata wangemruhusu, hazina tegemeo la kutosha chini ya unyayo kwa zamu nzima. Zije za tatu, atakapopata kakazi kadogo chuoni: za kwenda darasani siku kavu, kanisani, dukani, na ndani ya nyumba usiku kipasha joto kikizidiwa.

Akizipata, achague zinazokaza kidogo siku ya kwanza bila kuumiza, kwa sababu manyoya hulala kufuata umbo la mguu na kiatu huongezeka. Akinunua yenye nafasi, baada ya majuma machache kisigino kitakuwa kinaelea. Namba 38 ya nyumbani ni 7 ya wanawake huku, na 5 kwa hesabu ya Uingereza.

Kabla hajatoka nazo, azipulizie dawa ya kuzuia maji ya viatu vya ngozi laini. Zikilowa, ajaze magazeti ndani na aziache zikauke polepole mbali na kipasha joto. Joto kali linaisinyaza ngozi na hairudi tena. Mashine ya kufulia asizisogelee. Alama ya chumvi ikiwa mbichi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji, kitambaa kikiwa na unyevu tu, kisha brashi ikishakauka.

Kutoka: Mama wa Kakamega, Birmingham

Nakubaliana na dada wa Bondeni, naongeza la Uingereza kwa wenye watoto wanaokuja huku. Theluji yetu ni haba, mvua ndiyo nyumba yetu. Buti za kondoo nje ya mlango hapa ni kuzionea. Mimi nina zile ndala za ngozi ya kondoo, za ndani, na kwa bei ya gesi ilivyo sasa zinanifaa kuliko kuwasha joto nyumba nzima ili nipashe miguu miwili.

Kutoka: Mwana wa Molo, Calgary

Wapendwa, mada hii imenigusa mahali. Mimi nimelelewa na kondoo.

Walio Kisumu wanaweza kudhani kondoo ni kondoo tu, kwa hivyo nieleze. Kule Molo na Mau Narok, juu ya mita 2,400 ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa jalidi, tunafuga Corriedale. Hawa asili yao ni New Zealand na Australia, uzao wa Merino na Lincoln, na wana sufu ya kweli, nzito, ya kukatwa kila mwaka. Kondoo mwekundu wa Wamaasai ana nywele fupi. Nyama yake tamu, anahimili minyoo, ngozi yake inafaa viatu vya kawaida, lakini buti za manyoya huwezi kuzipata kwake.

Kinachofanya buti hizi ziwe ghali ni kwamba ngozi na manyoya havitenganishwi. Viwanda vingi vya ngozi huanza kwa chokaa ili kuondoa kila unywele. Hapa ni kinyume: ngozi inatengenezwa manyoya yakiwa yameshikilia, kisha upande wa nyama unasuguliwa hadi uwe laini, upande wa pili unachanwa na kukatwa usawa mmoja, zaidi kidogo ya sentimita moja. Upande wa nyama ndio unaouona nje ya kiatu. Kwa hivyo ukishika buti halisi, umeshika kondoo mzima, ndani na nje ni kipande kile kile. Kukiwa na kovu la mwiba au alama ya kupe, au kisu cha mchinjaji kimeteleza, doa hilo litaonekana nje na hakuna rangi ya kulificha. Ngozi nyingi hutupwa kwa sababu hiyo.

Nyumbani nimeona kondoo akichinjwa kwa harusi, nyama ikipimwa kwa makini, halafu ngozi ya Corriedale safi, manyoya yote juu yake, inatupwa juu ya ua inyeshewe mpaka mbwa waiburute. Inaniuma hadi leo. Baridi ya Julai ya Molo, Njoro, hata Nakuru mjini inatosha kabisa kuvaa ndala za manyoya ndani ya nyumba. Kondoo wako pale, na mafundi wa ngozi Nakuru wako. Kijana anayejua kuchuna bila kukwaruza na akapata fundi wa kutengeneza ngozi bila kuondoa manyoya ana kazi mkononi. Kama kuna mtu kwenye kundi hili anayemjua fundi wa namna hiyo kaunti ya Nakuru, aniandikie. Niko tayari kuweka akiba yangu hapo.

Kutoka: Dada wa Kibuye, Kisumu

Mimi ni muuza mitumba soko la Kibuye. Mama wa Section 58, nikuonyeshe namna ya kumpima huyo kijana wako, maana buti hizi hunipitia mkononi msimu wa mvua, wasichana wa vyuo wanazipenda hata kwa joto letu la ziwani.

Fungua mdomo wa buti, tenganisha manyoya kwa vidole gumba viwili mpaka uone yanakoota. Za kondoo utaona ngozi, manyoya yametoka humo yakisongamana. Za plastiki utaona kitambaa chenye vishimo vya kusokotwa. Lakini usimhukumu kwa hilo peke yake, kwa sababu hata kampuni kubwa zina aina ambazo sufu halisi imefumwa juu ya kitambaa. Chomoa nyuzi kidogo, toka nje, ziguse kwa kiberiti. Sufu itanuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika. Plastiki itayeyuka, ijikunje, iache tone gumu jeusi. Akikataa usichomoe nyuzi mbili, jibu umeshalipata.

Sina ubaya na za plastiki, mimi mwenyewe naziuza, lakini naziuza kwa jina lake. Kwa Nakuru na Kisumu zinatosha. Zinashikilia jasho, mguu unanuka upesi, basi mtu avae soksi. Kwa Minnesota usimpe mtoto. Za ngozi halisi hutokea ndani ya marobota, kwa kawaida zinachukuliwa kwenye kamera, yaani uteuzi wa kwanza robota linapofunguliwa, kabla halijafika chini. Zile ninazoziona zimekanyagwa upande mmoja wa kisigino sizigusi, hata ziwe safi. Manyoya yakishalala kwa mguu wa mtu mwingine hayaamki.

Kutoka: Mama wa Section 58, Nakuru

Mungu awabariki nyote. Nilimwendea yule kijana na kiberiti. Zimeyeyuka. Hakubisha, ameniambia yeye pia aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, na nimemwelekeza kwa dada wa Kibuye wazungumze habari ya kuuza kwa jina lake.

Baba amesoma barua ya dada wa Bondeni mara mbili, gambuti amezirudisha kwenye stoo. Tumeamua pesa za viatu aende nazo mkononi. Binti amenuna kidogo, halafu akasikia zitakuja za tatu, akakubali. Swali langu la mwisho: atafika jioni na hana buti za theluji. Kutoka uwanjani hadi nyumbani avae nini?

Kutoka: Dada wa Bondeni, Brooklyn Park, Minnesota

Aje na raba zilizofunikwa na soksi moja nzito ya sufu, na ili kubana mizigo, kwenye ndege avae hizo hizo. Niandikie faraghani namba ya mguu wake, upimwe jioni, mguu ukiwa umesimama, maana jioni ndipo unapokuwa mkubwa. Wiki ya bei za baada ya Krismasi nitapita dukani kabla ya zamu, buti za theluji zitakuwa ndani ya gari nikimpokea. Atanirudishia akishatulia.

Na mwana wa Molo, mjomba wangu Elburgon ana Corriedale. Nakupa namba yake leo.